VPN na Netflix: maneno ninayoyasikia kila nyumba hapa Mwanza

Nafunga intaneti na runinga majumbani, kuanzia Bwiru mpaka Buhongwa, na siku hizi simalizi kuvuta kebo kabla sijaulizwa habari za VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa siri kwenye kompyuta ya mbali (seva) ili uonekane uko nchi nyingine. Niyaandike yote hapa, nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Linalonichosha kuliko yote ni hili: "Fundi, hawa jamaa wa Netflix wanatubania sisi Waafrika. Wazungu wanaona kila kitu."

Jamani, hapana. Sehemu kubwa ya filamu unazoziona Netflix si mali yao, wamezikodi. Mwenye filamu huuza haki za kuonyesha nchi kwa nchi au kanda kwa kanda: Ujerumani kapewa huyu, Afrika Kusini yule, na kila mkataba una muda wake. Aliyelipia haki za nchi moja hatakubali mwingine aingize picha ileile kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo wenye filamu wanazibana huduma hizi ziweke ulinzi. Tazameni mwaka 2016. Tarehe 6 Januari Netflix ilifungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Tanzania ikiwemo. Tarehe 14 mwezi huohuo ikatangaza kwamba itawazuia wanaopita kwa VPN na proksi (yaani kupitia kompyuta ya mtu mwingine). Ndiyo maana ukiwasha VPN mara nyingi hufungiwi kabisa, ila orodha inapungua na kubaki zile ambazo wana haki nazo dunia nzima. Kwenye kifurushi chenye matangazo na kwenye matukio ya moja kwa moja, huko VPN hairuhusiwi kabisa.

Wanaosema Mzungu anaona kila kitu niwapeleke kwenye mpira. Jumamosi saa 9 alasiri ya Uingereza, yaani saa 11 jioni kwetu (saa 12 wakiwa kwenye majira ya baridi), mechi za Ligi Kuu ya England hazionyeshwi moja kwa moja kwenye runinga za Uingereza. Katazo hilo ni la tangu miaka ya 1960, lengo lake watu waendelee kwenda viwanjani, hasa kwa timu ndogo. Saa hiyohiyo kibanda umiza cha Igogo kimefurika, mechi inaonekana kupitia SuperSport, na mtu anabishana kuhusu ofisaidi akiwa na karanga mkononi. Mwingereza anayeishi jirani na uwanja hana. Wapo huko wanaowasha VPN kutafuta matangazo ya nchi nyingine! Sasa hapo aliyebaniwa ni nani?

La pili: "Nitafutie VPN kali, hiyo hawataigundua."

Netflix hawavunji siri za VPN, wala hawana haja hiyo. Wanachotazama ni anwani ya IP, yaani namba ya mtandao, unayotokea upande wa pili, na anwani hizo zina daftari lililo wazi. Za Afrika hugawiwa na AFRINIC, za Ulaya na RIPE NCC, na mtu yeyote anaweza kuuliza namba fulani ni ya nani. Ikionekana ni ya kampuni ya kukodisha seva badala ya mtandao wa majumbani, umeshashukiwa. Ongeza na mamia ya akaunti zinazotokea namba hiyo moja. Kutafuta VPN yenye siri kali zaidi ni sawa na kuongeza plastiki kwenye gunia la dagaa pale Mwaloni wakati aliye getini anasoma namba ya gari. Kampuni za VPN zinaleta anwani mpya, nazo zinaorodheshwa, basi iliyofanya kazi wiki iliyopita leo imekufa.

Na kuna wale wanaowasha VPN kwenye simu halafu wananiita kwa sababu runinga ya ukutani haijabadilika. Runinga imeunganishwa na ruta, mama. Simu yako haihusiki.

"TCRA ndio wamewaambia Netflix." Hapana, hiyo Mamlaka ya Mawasiliano haihusiki hapo. Tangazo la TCRA la Oktoba 2023 liliwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa ifikapo tarehe 30 mwezi ule. Hilo ni suala la sheria zetu, lisome kabla hujawasha chochote. Netflix ana mikataba yake.

"Akaunti nimefungulia London." Ukiwa Capri Point hapa Mwanza unaona orodha ya Tanzania. Kinachotazamwa ni ulipo.

"VPN inaokoa bando." Inakula zaidi kidogo, halafu picha inazunguka Ulaya ndipo ikufikie.

Kuhusu VPN za bure sina subira. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, mojawapo ya hizo za bure, ilikuwa inatumia vifaa vya watumiaji wake kama njia ya kupitishia watu wengine, na njia hiyo ikauzwa kupitia huduma yake ya kulipia, Luminati. Ukiweka programu ya namna hiyo, anwani ya nyumbani kwako ndiyo inayoanza kuonekana kama proksi. Nyumba moja Nyegezi waliniapia hawana VPN kabisa, na runinga inagoma. Tulipopekua tukaikuta kwenye tableti ya mtoto, aliiweka kwa ajili ya gemu. Kwa hiyo kabla hujanipigia, kagua kila simu na tableti ya nyumba nzima, futa VPN utakayoikuta, kisha zima ruta usiku kucha upate nafasi ya kupewa anwani nyingine. Ikigoma bado, mpigie aliyekuuzia intaneti. Anwani ni yake, mimi nimefunga waya tu.