Pikipiki imekaa muda, haiwaki: usikimbilie kununua betri

Mwenye pikipiki akisafiri au akiugua, chombo kinabaki kimeegeshwa uani miezi miwili, mitatu. Siku ya kukirudia, kiki inapigwa mpaka mguu unauma na injini haiitikii. Hapo ndipo kila jirani anakuwa fundi, na nusu ya ushauri unaotolewa unamgharimu mwenye chombo bure. Nazungumzia hasa pikipiki za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), zenye injini ya cc 100 hadi 150, zile zinazobeba abiria na mizigo kila mahali kwetu.

“Betri imekufa, ndiyo maana haiwaki.”

Betri iliyolala inaisha chaji, hilo ni kweli, na selfu, mota ya kuwashia kwa kitufe, itabaki kutoa mlio wa tiki-tiki tu. Lakini pikipiki nyingi za muundo wa Honda CG125 hupata umeme wa plagi, inayotoa cheche ya kuwasha mafuta, kutoka kwenye magneti, inayozungushwa na injini yenyewe. Hizo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Nyingine hutegemea betri kwa plagi pia, na zenye mfumo wa injeksheni huhitaji betri ili pampu ya mafuta ifanye kazi. Kwa hiyo pima kwanza: betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na imetulia, husoma 12.6 au zaidi. Chini ya 12 imeisha. Ichajishe taratibu. Betri ya 5Ah (ampea-saa 5) inatosha kupewa nusu ampea usiku kucha. Chaja kubwa ya gari huichemsha na kuiua. Isiposhika chaji baada ya hapo, nunua mpya.

“Petroli haiozi.”

Hii ndiyo dhana inayozima pikipiki nyingi kuliko zote. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazoshika moto haraka injini ikiwa baridi, ndizo za kwanza kupaa hewani. Kinachobaki kinanata, na mwishowe kinakuwa utando wa rangi ya kahawia. Kwenye tangi lililofungwa inachukua miezi. Ndani ya bakuli la kabureta, ambamo mafuta ni kidogo na hewa inapita, wiki kadhaa za jua zinatosha. Sasa fikiria jeti ndogo, kipande chenye tundu la kupitishia petroli, kinacholisha injini wakati wa kuwasha: tundu lake halifiki hata nusu milimita. Utando mwembamba tu unaliziba.

Dalili yake ni rahisi kuisoma. Piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda. Funga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kilichomo kwenye chombo cha kioo na ukinuse. Petroli nzima ina harufu kali na ni angavu. Iliyochacha inanuka kama rangi ya mbao. Ukiona matone yametulia chini peke yake, hayo ni maji. Fanya hivi nje, mbali na sigara na jiko.

Mwaga yote, weka petroli mpya, jaribu tena. Isipowaka, kabureta ishuke ioshwe, na jeti zipulizwe kwa upepo wa kompresa. Msimamie fundi hapa: akichokonoa jeti kwa waya wa chuma, tundu linapanuka na pikipiki itakula mafuta mpaka jeti ibadilishwe.

“Endelea kupiga kiki, itashika.”

Plagi ikitoka imelowa, mafuta yamezidi, na kila kiki inaongeza tatizo. Ifute, ikauke. Funga koki, ondoa choki (ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi), zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki mara chache ili silinda ipumue. Plagi ikilowa kila mara na haitoi cheche, ibadilishe. Bei yake ni ndogo kuliko ya karibu kila kitu kingine humo.

Kusukuma nako hakuzibui jeti. Kunasaidia betri ikiwa dhaifu, basi.

Angalia pia swichi ya kuzimia injini kwenye usukani, maana watoto huichezea. Na fungua boksi la kichujio cha hewa: panya hupenda kujenga humo, na injini isiyovuta hewa haiwaki.

“Iwashe dakika mbili kila siku, au imalize mafuta kabisa.”

Dakika mbili hazirudishi chaji iliyotumiwa na selfu, na injini isiyopata joto la kutosha inaacha unyevu kwenye oili na ekzosi. Tangi tupu la chuma nalo hushika kutu kwa ndani, hasa Pwani, kwenye hewa ya chumvi na unyevu. Ukijua utaondoka, jaza tangi, funga koki, mwaga bakuli la kabureta na chomoa waya wa hasi wa betri. Kazi yote hiyo haimalizi nusu saa, na bisibisi moja na spana vinatosha.