Korongo halijawahi kupimwa, mafuriko yake tunayajuaje?

Wanaojenga Pugu na Kisarawe wanatuuliza sana hili, na wenye mashamba Uluguru pia: kijito chenyewe kiangazi unakivuka na ndala, hakuna aliyewahi kukipima, sasa injinia anajuaje karavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, liwe kubwa kiasi gani?

Kwanza tunapata eneo la bonde, yaani sehemu yote ambayo mvua ikinyesha maji yake lazima yapitie hapo. Alafu ukali wa mvua, na hapa ndo wengi wanapokosea, wanachukua mvua ya siku nzima. Bonde dogo la mlimani maji ya juu kabisa yanaweza kufika chini ndani ya nusu saa, kwa hiyo milimita 60 za kutwa nzima unazivumilia lakini milimita 60 ndani ya saa moja ni balaa.

Chukua bonde la kilomita za mraba 2, mvua hiyo ya milimita 60 kwa saa, na tuseme asilimia 40 inatiririka juu ya ardhi bila kuzama. Zidisha 2 kwa 60 kwa 0.4, gawanya kwa 3.6 (ya kubadili vipimo tu), unapata kama mita za ujazo 13 kwa sekunde. Hayo ni matenki mawili na nusu ya lita 5,000 yanapita kila sekunde! Sasa kata miti, weka mabati na lami, ile 40 ikifika 80 maji yanakuwa mara mbili na mvua ni ileile.

Ila mimi hesabu peke yake siiamini, maana kipimo cha mvua kiko huko chini tambarare na mlimani inanyesha tofauti, Uluguru upande wa mashariki unapata mvua nyingi kuliko magharibi. Lazima ushuke korongoni. Angalia majani makavu na mifuko iliyonasa kwenye matawi, mstari wa tope ukutani, muulize bibi wa nyumba ya jirani, atakuonyesha maji yalifika ngazi ya ngapi. Ukiwa na alama hizo, upana na mteremko wa korongo unakadiria maji yaliyopita, yakipishana mno na hesabu ya mvua rudia zote mbili.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu hapa Dar, na ukuta wa nyumba kwenye bonde la Msimbazi ukishapakwa rangi mpya alama imeenda. Tunaomba jamani, maji yakishapungua, kabla hujafagia tope, chora mstari kwa msumari, andika tarehe, piga picha, muite na mjumbe aone.