Salfa ya mikorosho na tindikali isiyoonekana kwenye mita

Mkulima wa Newala au Tandahimba, huko Mtwara, akishapimiwa udongo huniuliza: "pH yangu ni 5, niweke chokaa kiasi gani?" pH ni kipimo cha uchachu, yaani tindikali: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa, na chokaa huupunguza. Jibu langu huwaudhi wengi: namba hiyo peke yake haitoshi. Mashamba mawili yenye pH 5 yanaweza kuhitaji chokaa kwa viwango vinavyopishana mbali.

Tuanze na chanzo cha uchachu huo. Kipupwe kikiingia na mikorosho ikichanua, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, huvamia maua, nasi tunapulizia salfa ya unga. Isiyonata mtini huanguka chini. Salfa yenyewe si tindikali. Bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza, kwa msaada wa oksijeni na maji, ikawa tindikali ile ile inayotiwa kwenye betri za magari. Kilo 1 ya salfa ikigeuka yote, huhitaji kilo 3 na ushee za mawe chokaa safi yaliyosagwa ili kuifuta. Bei ya salfa kila mtu anaijua, hesabu hii ya pili sijaona anayeipiga.

Kipimo cha pH alikitunga mkemia wa Denmark, Sørensen, mwaka 1909 huko Copenhagen, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg. Kinapima ayoni za haidrojeni, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme zinazoleta uchachu, zilizo huru ndani ya maji, basi. Kila namba moja ni mara 10: pH 5 ina ayoni hizo mara 100 kuliko pH 7.

Shida iko kwenye hilo neno "huru". Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, kwa hiyo hunasa ayoni za haidrojeni na za alumini. Kati ya zilizonaswa na zilizo huru pana msawazo: nyingine zinaachiwa, nyingine zinanaswa, kwa kasi ile ile, na mita inatulia kana kwamba hakuna kinachoendelea. Ukitia chokaa kidogo unafuta zile huru. Hapo, kama mkemia Mfaransa Le Chatelier alivyoeleza mwaka 1884, msawazo husogea upande wa kupunguza badiliko: zilizonaswa zinaachiwa kuziba pengo. Ni kisima hicho, unateka ndoo na maji yanachuruzika kutoka kando. Ukipima tena, pH imesogea kidogo mno.

Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde una akiba ndogo ya ayoni zilizonaswa. pH yake huinuka kwa chokaa kidogo, na hushuka upesi vilevile ukipuliziwa salfa kila msimu. Mfinyanzi wa bondeni ni mkaidi pande zote mbili. Ndiyo maana maabara nzuri hupima mara ya pili, kwa kuchanganya udongo na kimiminika maalumu chenye pH inayojulikana na kuangalia imeshushwa kiasi gani. Kidai kipimo hicho.

Mkorosho na mhogo huvumilia uchachu. Mahindi uliyochanganya humo hayavumilii: chini ya pH 5.5 hivi alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi.

Na tafadhali, jasi ya Kilwa si chokaa. Kaboneti ya chokaa hushika haidrojeni, ikatoka hewa ya ukaa na maji. Hewa ikishapaa, hakuna cha kurudisha mmenyuko nyuma. Jasi ni salfeti ya kalisi, na salfeti karibu haishiki haidrojeni kabisa. Utapata kalisi, pH itabaki pale pale.