Fotogravu si picha iliyoprintiwa

Wanafunzi wa sanaa wakirudi kutoka safari ya masomo Venice, kwenye shule kama Scuola Internazionale di Grafica inayofundisha uchapaji, huja na fotogravu: karatasi nene zenye picha nyeusi tii na namba za penseli pembeni. Kazi zinatundikwa ukumbini, na kwenye kibandiko mtu anaandika "picha zilizoprintiwa". Kisha mtazamaji anauliza: hii ni nakala, sasa picha yenyewe halisi iko wapi? Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na mara nyingi anayeulizwa ni mwanafunzi aliyeitengeneza kazi kwa mikono yake, naye anakubali kwamba ni nakala.

Fotogravu ni chapa ya wino inayotolewa kwenye bamba la shaba nyekundu ambalo picha ya kamera imechimbwa ndani yake kwa msaada wa mwanga na dawa. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachochanganya watu ni mahali mwanga unapofanyia kazi. Picha inayosafishwa kwenye chumba cha giza haina wino kabisa. Karatasi yake imepakwa chumvi za fedha, mwanga unazigusa, dawa inazigeuza nyeusi, na picha inatokea kwenye karatasi ileile. Karatasi ya fotogravu haihitaji mwanga. Mwanga umeshamaliza kazi mapema, ukipita kwenye pozitivu (picha iliyo kwenye filamu angavu, giza lake likiwa giza) na kuangukia jelatini, utando kama gundi, iliyotiwa potasiamu daikromati, dawa inayoifanya ihisi mwanga. Palipopata mwanga mwingi, jelatini inakuwa ngumu. Palipopata kidogo, inaondoka na maji ya moto. Jelatini hiyo inakuwa imelazwa juu ya shaba iliyonyunyiziwa vumbi la utomvu wa msonobari na kupashwa moto hadi chembe zikashika. Ikimwagiwa kloridi ya feri, ambayo hula shaba, dawa inapenya kwanza pale jelatini ilipo nyembamba, na hapo ndipo inapochimba kwa kina zaidi. Sehemu hizo ndizo zitakazokuwa giza la picha.

Baadaye bamba linapakwa wino, linafutwa kwa kitambaa cha shashi na kiganja cha mkono, linafunikwa kwa karatasi yenye unyevu na kupitishwa kwenye mashine ya rola. Karatasi inasukumwa ndani ya vishimo na kutoka na wino. Kwa hiyo giza la fotogravu lina unene: kishimo kirefu kimebeba wino mwingi, kifupi kimebeba kidogo. Picha ya gazeti haiko hivyo. Humo wino ni uleule kila mahali, kinachobadilika ni ukubwa wa nukta. Chukua kioo cha kukuzia uangalie mwenyewe. Nukta zilizopanga foleni ni za gazeti, au za postikadi nyingi za zamani. Chembe zisizo na mpangilio ndizo za vumbi la utomvu.

Njia hii haikubuniwa ili kurudufu picha kwa bei rahisi, ingawa wengi hudhani hivyo. Ilianza kwa hofu ya kufifia. Picha za fedha za mwanzo zilikuwa zikipauka, na William Henry Fox Talbot wa Uingereza, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alishuhudia zake zikipotea. Wino mweusi wa kaboni haupauki namna hiyo. Mwaka 1852 akapata hataza ya kuchimba picha kwenye bamba la feleji, akitumia shashi kuvunja vivuli vipate kushika wino, na mwaka 1858 akaongeza vumbi la utomvu. Karel Klíč, Mcheki aliyefanya kazi Vienna, akaunganisha vumbi hilo na jelatini mwaka 1879, na hiyo ndiyo njia ya shaba inayofundishwa hadi leo.

Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Marekani aliyetoa jarida la picha la Camera Work huko New York kuanzia 1903 hadi 1917, alizihesabu fotogravu zake zilizotoka moja kwa moja kwenye negativu (picha ya kamera iliyogeuzwa, mwanga ukiwa giza) ya mpigaji kuwa kazi halisi. Mwaka 1904 picha za kundi lake la wapiga picha zilipochelewa kufika kwenye maonyesho ya Brussels, zilitundikwa fotogravu za jarida hilo, na watazamaji wengi wakadhani wanaangalia picha zilizosafishwa.

Kwa hiyo 3/12 iliyoandikwa kwa penseli haina maana ya nakala ya tatu ya kitu kilichofichwa mahali. Ni chapa ya tatu kati ya kumi na mbili, na kila moja ni kazi yenyewe, kama vile kanga ya kumi na mbili isivyo nakala ya kanga ya kwanza. Negativu ni chanzo, bamba ni chombo. Ukiuliza halisi iko wapi, jibu ni hiyo uliyosimama mbele yake.

Tena, katika kozi fupi wengi hawagusi shaba. Hutumia bamba la polima, aina ya plastiki, linaloanikwa kwenye mwanga wa urujuanimno na kusafishwa kwa maji, bila daikromati, ambayo ni sumu inayosababisha saratani. Wako wanaosema hiyo si fotogravu. Mimi naona ni ya ukoo huo, kwa kuwa wino bado unakaa kwenye vishimo na mkono bado unafuta bamba, ila itajwe kwa jina lake. Picha iliyotoka kwenye printa ya kompyuta haimo kwenye ukoo huo, hata ikiwa kwenye karatasi ya pamba na imeandikwa namba.

Kwenye kibandiko, basi, tuandike "fotogravu, bamba la shaba" au "fotogravu ya polima", namba ya chapa, na jina la aliyechapa kama si msanii mwenyewe. Na mwanafunzi akiulizwa halisi iko wapi, aelekeze kidole ukutani.