Mwenye Pasipoti Ndiye Aliyeingia

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwenye kesi za uhamiaji huku Marekani. Kutwa nzima nasema maneno ya watu wengine: ya jaji, ya wakili, ya mama aliyetoka Kivu. Labda ndiyo maana The Visitor, filamu ya Tom McCarthy ya mwaka 2007, inanishika mahali tofauti na inapowashika wengi.

Walter, profesa wa uchumi aliyefiwa na mkewe, anafika kwenye nyumba yake ya New York ambayo haitumii sana, anakuta watu ndani. Ni Tarek, Msyria mpiga djembe, na mpenzi wake Zainab, Msenegali anayeuza mapambo aliyotengeneza mwenyewe. Tapeli amewapangisha nyumba isiyo yake. Walter anawaambia wabaki, na Tarek anaanza kumfundisha ngoma.

Wengi husifia hizo ngoma. Mimi humtazama Zainab (ni Danai Gurira, yule Okoye wa Black Panther). Hagombani, anafungasha vitu aondoke. Na hata baada ya kuambiwa abaki, uso wake haufunguki. Asiye na makaratasi huogopa hata wema. Waliobeba boksi miaka mingi huku hawahitaji kuelezwa.

Tarek anakamatwa kwenye geti la treni ya chini ya ardhi. Nauli alishalipa, ngoma ndiyo iliyokwama. Kutoka kwenye kosa la kijinga namna hiyo anajikuta kizuizini Queens, katika jengo ambalo ukilitazama kwa nje hulidhanii kuwa jela.

Hapo ndipo filamu inapoingia kwenye kazi yangu. Zainab hathubutu kwenda kumwona, maana hana karatasi. Mouna, mama yake Tarek, anakuja kutoka Michigan, naye hana. Anaishia nje, hatua chache tu kutoka alipo mwanawe. Anayeweza kupita ule mlango ni Walter peke yake. Basi anageuka mbeba maneno: ya mama kwa mwana, ya mwana kwa mchumba. Barua ya Zainab anaishikiza kwenye kioo ili Tarek aisome.

Wapo wanaosema hii ni hadithi nyingine ya Mzungu mkombozi. Mkombozi wa nani? Walter ana pesa, ana pasipoti, anamlipa wakili (kesi hizi si za jinai, kwa hiyo serikali haikuwekei wakili), na bado hakuna anayeokoka. Lawama yangu ni nyingine: mapenzi yakishaanza kuchipua kati ya Walter na Mouna, Zainab anasukumwa pembeni, ilhali yeye ndiye mwenye mengi ya kusema.

Kisha siku moja Walter anafika dirishani kumuulizia rafiki yake, anaambiwa hayupo tena, ameondolewa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1996 ndiyo iliyoliweka neno hilo pale palipokuwa na “kufukuzwa nchini”. Kuondolewa, kama meza. Walter anawapigia kelele walinzi kwamba mtu hachukuliwi hivihivi.

Neno hilo nalitamka mara nyingi kazini. Sina ruhusa ya kulilainisha, wala ya kupiga kelele.