Uchumi Hauhitaji Kipaji cha Hisabati

Wengi huikimbia shahada ya uchumi wakiamini ni ya waliozaliwa na kipaji cha hesabu. Imani hii imewanyima watu fani wanayoipenda, na si ya kweli.

Hisabati ya mwaka wa kwanza kwa kawaida ni aljebra, grafu, logi (logariti) na kalkulasi ya mwanzo. Kiini cha kalkulasi hiyo ni swali moja: hiki kikiongezeka kidogo, kile kinabadilika kiasi gani? Tuseme gharama ya kuzalisha bidhaa q (q ni idadi yake) ni 100 + q². Bidhaa ya ziada huongeza gharama kwa takriban 2q. Kampuni ikiuza kila moja kwa 30, itaendelea kuzalisha hadi 2q ifikie 30, yaani bidhaa 15, kisha isimame. Ukiielewa hesabu hii, umeshashika mzizi wa nadharia ya kampuni, yaani jinsi kampuni inavyoamua kiasi cha kuzalisha.

Takwimu na uwezekano ndivyo vinavyostahili muda zaidi, kwa maoni yangu, maana ndivyo hupima nadharia kwa data. Metriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu kama jedwali, huja baadaye.

Anayesita aanze na hesabu za sehemu (kama nusu na robo) na milinganyo, kwa kalamu na karatasi. Kukwama kwingi kwenye kalkulasi huanzia huko, na huko kunarekebishika kwa mazoezi.