Anwani Moja Inatosha: Dhana Potofu Kuhusu Proksi ya Kinyume

Maombi ninayopokea mara nyingi kuliko yote, kutoka kwa shule, zahanati na kampuni ndogo ninazozihudumia, huja kwa maneno yanayofanana: "Tunaongeza mfumo wa pili, kwa hiyo tusaidie kuomba anwani nyingine ya IP kwa kampuni ya intaneti." Jibu langu, kwamba anwani moja inatosha ikiwa mbele ya seva zote kuna proksi ya kinyume (programu inayopokea maombi yote kutoka intaneti na kuyagawa kwa seva zilizo nyuma yake), nimelieleza ana kwa ana, kwa simu na kwa michoro ubaoni, na bado swali hurudi lilivyo. Ndiyo maana leo nitakaa nalo kwa muda, kisha dhana nyingine nizipitie kwa haraka.

Dhana yenyewe ni kwamba kila seva inayotakiwa kuonekana kwenye intaneti lazima iwe na anwani yake ya umma, yaani namba ya IP inayofikika kutoka popote kwenye intaneti. Kwa tovuti, ulazima huo uliondoka tangu toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP lilipochapishwa mwaka 1997 na kudai kila ombi litaje jina la tovuti inayotafutwa. Chukua shule yenye mfumo wa matokeo na mfumo wa maktaba. Mzazi anapofungua matokeo.shule.example, DNS, mfumo unaobadili jina la tovuti kuwa anwani, hukipa kivinjari anwani tu, tuseme 203.0.113.10, na kazi yake huishia hapo; haichagui seva, wala haijui poti (namba ya mlango wa huduma kwenye seva), na wale wanaojaribu kuandika namba ya poti kwenye rekodi ya A (mstari wa DNS unaounganisha jina na anwani) wanapoteza muda wao. Kivinjari ndicho kinachofungua muunganisho na anwani hiyo na, ndani ya ombi lenyewe, kuandika mstari usemao "Host: matokeo.shule.example". Proksi ya kinyume, iwe nginx, HAProxy, Caddy au Traefik, husoma mstari huo na kulipeleka ombi kwa seva inayohusika ndani ya mtandao wa shule: la matokeo kwa 192.168.1.20, la maktaba kwa 192.168.1.21. Vivyo hivyo, barua za watumishi wote wa wizara huingia kwenye S.L.P. moja, na karani wa masijala huzigawa kwa jina lililoandikwa juu ya bahasha. Hakuna mtumishi anayedai sanduku lake mwenyewe ili barua zisichanganyike.

Wapo wanaokubali mpaka hapo, kisha wakang'ang'ania kwamba mambo hubadilika tovuti ikiwa na cheti cha HTTPS, kwa sababu ombi limesimbwa na proksi haiwezi kujua jina kabla ya kuchagua cheti cha kuonyesha. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko zamani, na nadhani ndiyo iliyoipa dhana hii umri mrefu. Nyongeza ya SNI, iliyoingizwa mwaka 2003 katika viwango vya TLS (usimbaji unaotumiwa na HTTPS), hukifanya kivinjari kitaje jina mwanzoni mwa maamkizi ya usimbaji, kabla cheti chochote hakijatolewa. Kilichochelewesha matumizi yake ni Internet Explorer juu ya Windows XP, ambayo haikuifahamu SNI kabisa, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwezi Aprili 2014. Leo proksi moja hushika vyeti vya majina yote, na shirika la Let's Encrypt huvitoa bure.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu lina gharama. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika la Mauritius linalozigawa kwa Afrika, limekuwa katika awamu ya pili ya uhaba tangu Januari 2020. Si ajabu kwamba mtoa huduma hutoza kila mwezi kwa kila anwani ya ziada. Anayekwepa gharama hiyo kwa kufungua poti 8081 kwa mfumo mmoja na 8082 kwa mwingine ametengeneza tatizo jipya, kwa kuwa sasa wazazi wanapaswa kukumbuka namba mwishoni mwa jina, na mitandao mingi ya maofisi na hoteli hairuhusu chochote nje ya 80 na 443.

Ukiona jina la maktaba linafungua ukurasa wa matokeo, usikimbilie kusema kwamba anwani zimegongana. Katika nginx, ombi ambalo jina lake halilingani na server_name yoyote (jina la tovuti lililoandikwa kwenye usanidi) hupelekwa kwenye sehemu ya kwanza iliyoandikwa kwa poti hiyo, isipokuwa umeteua nyingine kuwa ya chaguo-msingi. Mara nyingi sana kosa ni herufi moja iliyorukwa. Mimi huanza kila usanidi kwa sehemu ya chaguo-msingi inayokataa maombi yote yasiyo na jina linalotambulika, na ningependa kila mtu afanye hivyo, kwa sababu kosa linalojitangaza hutafutwa kwa dakika chache, ilhali linaloonyesha ukurasa wa mwingine huzua mabishano ya siku nzima.

Dhana ya pili huzaliwa na ya kwanza ikishaeleweka kupita kiasi: "Basi hata SSH na hifadhidata nitazipitisha kwenye poti moja kwa majina tofauti." Haiwezekani kwa njia hiyo, kwa kuwa mgawanyo wote unategemea jina lililotajwa na mteja, na SSH, njia ya kuingia na kuendesha seva kwa mbali, haitaji jina popote katika maamkizi yake. Kwa SSH, tumia seva moja ya kupitia kuelekea nyingine, kwa chaguo la -J la amri ya ssh. Na hifadhidata haina sababu ya kufunguliwa kwa umma hata kidogo.

"Seva yangu iko nyuma ya proksi, kwa hiyo iko salama." Proksi hupunguza milango, lakini haisomi nia. Ombi lenye sumu ya SQL, yaani amri za hifadhidata zilizofichwa ndani yake, litapitishwa kwa adabu ileile inayopewa ombi la mzazi. Zaidi ya hayo, nimekuta mifumo mingi ambayo bado inasikiliza moja kwa moja kwenye anwani ya umma, hasa iliyowekwa kwa Docker (programu ya kuendesha mifumo ndani ya makasha), ambayo poti zake zilizochapishwa hupita bila kuzuiwa na kanuni za ufw, ukuta wa moto wa Linux. Zifunge kwa 127.0.0.1 (anwani ya ndani ya mashine yenyewe) ikiwa proksi iko kwenye mashine hiyohiyo. Na kama mfumo wako hufungia anwani zinazokosea nywila, hakikisha unasoma anwani halisi ya mgeni kwenye X-Forwarded-For, kichwa cha ombi ambamo proksi huandika anwani hiyo, tena unapoletewa na proksi yako pekee, kwa maana yeyote anaweza kujiandikia kichwa hicho. Usipofanya hivyo, wageni wote wataonekana wametoka kwa proksi, na mwanafunzi mmoja aliyesahau nywila atawafungia shule nzima.

"Hitilafu ya 502 ina maana proksi imeharibika." Kwa kawaida ina maana kwamba proksi ni nzima na seva iliyo nyuma yake haijibu ipasavyo. Iangalie hiyo kwanza. Hitilafu ya 413 wakati wa kupakia faili ni kikomo cha nginx cha ukubwa wa ombi, ambacho ni megabaiti 1 mpaka ukibadilishe kwa client_max_body_size.

"Proksi itapunguza kasi." Pima kwanza muda wa hoja zako za hifadhidata, halafu tuzungumze.

La mwisho linawahusu wanaotaka kuweka seva nyumbani au kwenye ofisi yenye intaneti ya simu: "Proksi itanipa njia hata kama sina anwani ya umma." Haitakupa. Fungua ukurasa wa ruta na usome anwani ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani inayotumiwa na wateja wengine wengi, na hakuna ombi kutoka nje litakalokufikia hata usanidi wako uwe sahihi kiasi gani. Omba anwani moja ya kudumu, au kodi mashine ndogo yenye anwani ya umma, uweke proksi huko, na uiunganishe na ofisi kwa WireGuard, njia ya siri (VPN) kati ya mashine mbili. Fanya ukaguzi huo kabla ya kununua seva.